Kifafa hakiambukizi, ujinga ndio unaoambukiza!

NDUGU msomaji, leo nakuomba uweke pembeni kidogo ukurasa wa michezo. Najua Simba na Yanga wanakusubiri, lakini hawatakimbia. Nataka tuzungumze jambo linalokuhusu wewe kijana unayeshinda kijiweni ukingoja riziki. Usiseme halikuhusu. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ndipo useme.

Mwezi Machi 2024, asubuhi, kijana mmoja alianguka kwenye kituo cha daladala hapa Dar es Salaam. Alikuwa amesimama kwenye msongamano kama unavyosimama wewe kila siku, shati limepigwa pasi, bahasha ya vyeti mkononi, anawahi usaili. Ghafla akapiga ukelele mmoja, akadondoka kama gunia, akakakamaa, kisha mwili mzima ukaanza kutikisika. Povu likamtoka mdomoni. Suruali ikalowa.

Unajua watu walifanya nini? Walikimbia! Watu waliokuwa wanagombania mlango wa daladala kwa viwiko na mabega, ghafla wote wakapata nafasi ya kumwachia mwenzao uwanja. Mmoja akapaza sauti, "Jamani kaeni mbali, akijamba tu mmekwisha!" Mwingine akasema hayo ni majini, atafutwe shehe. Wa tatu akatoa simu akaanza kurekodi. Wa nne ndiye aliyekuwa jasiri kuliko wote: alimsogelea, akamwinamia, akamchomoa simu na noti mfukoni, akatokomea.

Aliyebaki ni mama ntilie mmoja. Alivua khanga yake ya begani, akaikunja akamwekea chini ya kichwa, akamgeuza alale ubavu, akakaa hapo hapo mpaka kijana alipozinduka. "Pole mwanangu," akamwambia, "kaa kwanza, usiinuke haraka." Akampa maji ya kunawa na kanga nyingine ya kujifunga kiunoni.

Nimeyajuaje yote haya? Mama huyo ndiye aliyenisimulia. Kijana yule ni mimi ninayekuandikia makala haya.

"MBONA UKO MZIMA?"

Nina kifafa tangu nikiwa darasa la sita. Ukinikuta mtaani hutajua. Natembea, nacheka, nabishana siasa, nacheza mpira namba tatu. Sina fimbo, sina kigari cha magurudumu, sina kovu usoni. Nameza vidonge vyangu asubuhi na jioni, na dawa ikiwapo naweza kumaliza mwaka mzima bila kuanguka hata mara moja. Siku ile pale kituoni nilikuwa nimemaliza siku nne bila dawa, kwa sababu kwenye zahanati ninayochukulia niliambiwa zimekwisha, nirudi wiki ijayo. Ubongo wangu haukuweza kusubiri wiki ijayo.

Kazi yangu ya kwanza baada ya kidato cha nne ilikuwa ya stoo, katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilifanya miezi saba bila kuchelewa hata siku moja. Mwaka 2021 nikaangukia humo stoo. Bosi hakuniuliza ninaumwa nini wala natumia dawa gani. Aliniambia nikapumzike nyumbani, nitaitwa. Mpaka leo sijaitwa.

Tangu siku hiyo, kila fomu ya kazi inayouliza kama nina maradhi naandika "HAPANA". Ndiyo, nadanganya. Nihukumu ukitaka, lakini kwanza niambie: wewe ungeandika nini?

Mwaka 2022 nilikwenda ofisi moja ya umma kuulizia ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Karani alinitazama kuanzia unyayo mpaka utosi. "Sasa ulemavu wako uko wapi?" Nikamwambia kifafa. Akacheka, akamwita mwenzake waje wacheke wawili. "Wewe ni mgonjwa, siyo mlemavu. Mbona uko mzima?"

Angalia mchezo tunaochezewa, ndugu msomaji! Nikitafuta kazi, mimi ni mlemavu nisiyefaa. Nikitafuta haki ya mlemavu, mimi ni mzima ninayetaka kuwaibia walemavu. Nisimame wapi?

Na siko peke yangu. Yupo kijana mwenye selimundu ambaye leo anabeba zege na kesho maumivu ya mifupa yanamlaza chini, mtaa mzima unamwita mvivu. Yupo asiyesikia vizuri sikio moja, mwalimu alimchapa miaka saba kwa "kiburi". Yupo mwenye sonona ambaye wenzake wanamwambia aache kudeka. Wote hao unapishana nao kila siku, na kwa sababu hakuna unachokiona, unaamini hakuna kitu.

SHERIA INASEMA NINI?

Karani yule hakuisoma sheria ya nchi yake, au aliisoma akaikalia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, haikusema mlemavu ni lazima akatike mguu. Inaueleza ulemavu kuwa ni kukosa au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za mwili, za akili au za kijamii. Rudia hapo: au za kijamii! Maana yake bosi anayekufukuza kwa sababu uliwahi kuanguka naye ni sehemu ya ulemavu wako. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake wawe watu wenye ulemavu. Nenda leo kaulize kwenye kiwanda chochote cha jirani yako kama wanaijua hiyo asilimia 3. Watakutoa na mbwa.

Lakini ipo sheria nyingine ambayo wakubwa hawapendi tuitaje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inahesabu sababu zinazoweza kuifanya ndoa ibatilishwe mahakamani. Mojawapo ni kwamba wakati wa kufunga ndoa mmoja wa wanandoa alikuwa akipatwa mara kwa mara na wazimu au kifafa. Kinachofuata kwenye orodha hiyo ni ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza. Hapo ndipo tulipowekwa, ndugu msomaji: katikati ya wazimu na kaswende.

Najua mwanasheria atanijibu kwamba yapo masharti, kwamba mlalamikaji awe hakujua wakati wa kuoana. Vizuri. Lakini mbona mwenye kisukari hakuandikwa? Mbona mwenye shinikizo la damu hakuandikwa? Hao wanaweza kuanguka na kufa siku ya harusi yenyewe!

Na usidanganywe kwamba hayo ni mabaki ya mkoloni tu. Ni kweli maneno hayo yalitoka Uingereza, yalikuwamo katika sheria yao ya ndoa ya mwaka 1937. Lakini mwaka 1971 Waingereza wenyewe walikiondoa kifafa katika sababu za kubatilisha ndoa. Mwaka huo huo wa 1971, Bunge letu, la nchi huru, likakiweka katika sheria yetu. Mwenye nguo kaitupa jalalani, sisi tukaiokota tukaivaa Idi!

Tangu hapo tumepita chama kimoja, tumeingia vyama vingi, wamekuja marais na kuondoka. Mabunge mangapi yamekaa Dodoma yakapiga makofi na kugonga meza? Ni mbunge gani aliyesimama akasema neno hilo lifutwe? Binti mwenye kifafa akichumbiwa, mama yake anamnong'oneza, "Nyamaza, usiseme." Anameza dawa chooni. Mume akigundua, anarudishwa kwao kama sahani iliyopasuka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini wahenga hawakutuambia tufanye nini pale sheria, bosi na mtaa mzima wanapokulazimisha uyafiche.

UNAKIPATAJE?

Sasa tuzungumze ukweli wa kitaalamu, maana kijiweni kila mtu ni daktari.

Ubongo wa binadamu unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Umeme huo ukiripuka ovyo kwa wakati mmoja, mwili unapata degedege. Likijirudia bila sababu ya ghafla kama homa, hicho ndicho kifafa. Hakimo katika mate, hakimo katika povu, hakimo katika mkojo, na hakimo katika shuzi! Ungeweza kuoga kwa povu langu usikipate. Sina jini, sijalogwa, na baba mdogo wangu hana hatia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi maskini na za kipato cha kati. Mbona wengi hivyo wako kwetu? Kwa sababu vyanzo vyake vingi ni umaskini wenyewe. Mama anajifungua bila mkunga wa maana, mtoto anakosa hewa. Mtoto anapata malaria ya kichwani, hospitali iko mbali. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, watafiti wanakihusisha kifafa kingi cha watoto na minyoo inayoenezwa na usubi, wale inzi weusi wadogo wa kandokando ya mito.

Na wewe wa mjini usijione umepona. Unapenda kitimoto? Nyama yenye vijidudu vya tegu isipoiva, unapata mnyoo wa tegu tumboni. Mayai ya mnyoo huo hutoka na choo kikubwa. Vyoo vikifurika mvua ikinyesha, kama vinavyofurika mitaani kwetu kila masika huku tozo ya usafi tunalipa, mayai hayo yanaingia kwenye maji na mboga. Ukiyameza, vijidudu vinaweza kupanda mpaka kwenye ubongo na kukuletea kifafa. Kwa hiyo hata shehe ambaye hajawahi kunusa kitimoto anaweza kukipata kwa sababu ya choo cha jirani.

Halafu iko bodaboda. Kichwa kikipigwa vibaya kwenye lami, jeraha la ubongo linaweza kuzaa kifafa, pengine miezi au miaka baada ya kidonda kupona. Wewe unayepakia mishikaki abiria wawili, kofia ngumu umeitundika kwenye kioo, unakimbilia kijiweni kunicheka mimi! Leo unapiga picha ninavyotikisika. Kesho nani atakupiga wewe?

KIDONGE CHA MWAKA 1912

Jambo la kuudhi kuliko yote ni kwamba dawa ipo. Fenobabitoni ilianza kutumika mwaka 1912, kabla hata ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati Mjerumani bado anatutawala. Shirika la Afya Duniani linasema watu mpaka asilimia 70 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo, na kwamba dawa ya kila siku inaweza kugharimu kiasi kidogo kama dola 5 kwa mwaka. Dola tano! Hiyo ni pesa ambayo mkubwa mmoja anaiacha mezani kama bakshishi ya soda. Hata hivyo, shirika hilo hilo linasema katika nchi za kipato cha chini robo tatu ya wenye kifafa hawapati matibabu wanayohitaji. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, nao walikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawako kwenye dawa.

Usiniambie nchi ni changa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alikwenda huko huko Mahenge. Alikuta watu wenye kifafa wametengwa, wengine wana makovu mabaya ya moto, maana waliangukia motoni na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Akafungua kliniki, akawapa fenobabitoni. Watu wakaacha kuanguka, wakarudi mashambani. Hapakuwa na lami, hapakuwa na mtandao, hapakuwa na warsha hotelini yenye posho ya kikao. Kama daktari mmoja aliweza porini wakati ule, inakuwaje leo jiji zima lenye maghorofa linaniambia "dawa zimekwisha, rudi wiki ijayo"?

Mwezi Mei 2022 nchi wanachama wa shirika hilo, na Tanzania ni mwanachama, zilipitisha mpango wa kupambana na kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu, wa mwaka 2022 hadi 2031. Mwenye zahanati yangu hajausikia. Vigogo wakiugua wana ndege ya kuwapeleka ng'ambo. Mlalahoi ana foleni, na mwisho wa foleni ana dirisha lililofungwa.

WEWE JE, KIJANA?

Serikali nimeilaumu na nitaendelea kuilaumu. Lakini pale kituoni serikali haikuwapo. Mlikuwapo nyinyi, vijana wenzangu, na ninyi ndio mliokimbia. Kijana akianguka disko kwa pombe mnambeba mpaka kwao mkiimba. Akianguka kwa kifafa mnamruka kama dimbwi.

Mwanamuziki Lil Wayne, ambaye nusu ya vijana wa Kinondoni walichora mwili kumwiga, alisema hadharani mwaka 2013 kwamba ana kifafa. Mbona yeye hamkumkimbia? Mbona nyimbo zake hazikuwaambukiza? Kumbe mwenye kifafa akiwa na dola ni nyota, akiwa na bahasha ya vyeti ni mkosi!

Sikuombi huruma. Wala sidai nipewe bodaboda niendeshe au nipande nguzo ya umeme. Kazi gani inanifaa na ipi hainifai, hilo nitalipanga na daktari wangu. Nataka tu nipimwe kwa kazi ninayoweza kuifanya, kama unavyotaka wewe.

Siku ukimwona mtu ameanguka, fanya alivyofanya mama ntilie yule, ambaye kwa kauli yake aliishia darasa la nne. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa. Legeza ukosi wa shati. Akimaliza kutikisika mgeuze alale ubavu ili mate yatoke na hewa ipite. Usimbane mikono kwa nguvu, usimwagie maji, usimnusishe kiatu, na usimtie kijiko wala ufunguo mdomoni, utamvunja meno. Tazama saa: likipita dakika tano bila kukoma, au likirudi kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Akizinduka usimwache peke yake, maana akili hairudi mara moja. Na mikono yako itoke mfukoni mwake!

Halafu mwaka wa kampeni, mgombea atakapokuja mtaani kwako na fulana na pilau, wa chama chochote kile, hata chama chenye gazeti hili, muulize maswali matatu. La kwanza: dawa ya kifafa itakuwapo kwenye zahanati yetu kila mwezi, ndiyo au hapana? La pili: utasimama bungeni neno kifafa lifutwe katika kifungu cha 39, ndiyo au hapana? La tatu: makarani wako wataisoma ile sheria ya 2010, au wataendelea kuutafuta ulemavu kwa macho? Akijing'atang'ata, mrudishie fulana yake.

Kwa upande wangu, nimeamua kuanza mimi. Rafiki zangu wengi wa kijiweni watajua habari hii leo kwa mara ya kwanza, wakilisoma gazeti hili. Jioni nitakwenda kijiweni kama kawaida yangu, nitakaa kwenye benchi lile lile na kuagiza kahawa. Nataka nihesabu ni wangapi watasogea pembeni, na ni wangapi watabaki.

Na ile fomu ya kazi inayofuata, nitaandika "NDIYO". Wakininyima kazi kwa sababu hiyo, mtaisoma humu humu.